Neno "Anasikia" Nililoliandika Mara Tatu

Nimestaafu mwezi uliopita, na vijana wa chumba cha masikio wamenipa daftari jipya. Wakasema, mama, andika uliyoyaona. Nikauliza yapi. Wakasema yote. Yote hayataenea humu, labda mwandiko wangu ungekuwa mdogo, nao si mdogo. Niliishia darasa la nne, na hilo darasa la nne lenyewe nilikuwa nakwenda siku ambazo nyumbani hakuna palizi. Kwa hiyo mtakaposoma mkaona nimeruka mahali, jueni hapo palikuwa na palizi.

Jina langu mnalijua, ingawa hapa hospitali hakuna aliyelitumia. Wagonjwa na wafanyakazi wote waliniita Mama Kopo. Nitafika kwenye kopo.

Niliajiriwa kufagia, miaka ile ya themanini katikati, wakati hata sabuni ya kufulia ilikuwa habari ya kusimuliana. Hospitali yetu iko kando ya barabara kuu, ukitoka Mlowo kwenda Tunduma, na chumba cha masikio kilikuwa mwisho wa korido, karibu na stoo ya majeneza. Siku ya kwanza nimeshika ufagio, akatoka Tabibu Mwampashi, mtu mrefu mwenye koti fupi. Yeye ndiye aliyekuwa anashughulikia masikio peke yake. Akaniuliza, "Wewe unaweza kukaa kimya?"

Nikasema naweza.

"Watu wote husema hivyo," akajibu, akanikalisha kwenye kigoda nyuma ya mtoto. Nikakaa mpaka saa sita mchana. Hakunisemesha. Mchana akasema kesho nije bila ufagio. Usaili wangu wa kazi ulikuwa huo, na nimeona wenye vyeti wakishindwa usaili huo huo.

Vifaa vilikuwa hivi. Kopo la maziwa lenye maharage makavu ndani, la kutikisa. Kengele ya mbuzi. Tochi ya kuchungulia sikio. Na uma wa chuma wenye meno mawili, unaougonga ukalia, ukamwekea mtu nyuma ya sikio. Wiki ya kwanza niliuosha pamoja na vijiko vya jikoni, mpishi akaupeleka kwenye wodi na sahani ya wali. Mwampashi aliutafuta siku mbili. Aliponiuliza nilimwambia ukweli. Akasema, "Aliyeutumia alikula vizuri?" Basi, hayo ndiyo maneno makali aliyowahi kuniambia.

Kwenye masikio ya watoto tulitoa maharage, kifuniko cha kalamu, mende, na mara moja punje ya kahawa ya mtoto wa Mlowo, iliyokuwa imeanza kuota. Mwampashi aliitazama kwenye mwanga akasema hii wanunuzi wataipa daraja la pili, ina unyevu.

Sasa kopo. Kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma ya mtoto asiyeweza kujieleza, nitikise, yeye Mwampashi akiwa mbele anaangalia kama mtoto atageuka. Inaonekana rahisi. Mwezi wa kwanza watoto wote walisikia, hata wale ambao baadaye tulijua ni viziwi kabisa. Mwampashi akawaza sana. Siku moja akaacha kumtazama mtoto, akatazama paja la mama. Mama akisikia kopo, anataka mwanawe ageuke, paja linashtuka, na mtoto aliyekaa juu ya paja anageuka. Tukawa tunapima mapaja ya wamama wa Mbozi. Tangu siku ile mtoto hukaa kwenye kigoda chake. Vijana, nimewaona mnawarudisha mapajani kwa sababu wanalia. Waacheni walie.

Watoto wakubwa kidogo kopo lilikuwa linawachosha. Hapo mimi nikabuni jambo langu, na kwa miaka mingi nililionea fahari. Kwetu mtoto akisalimiwa na mkubwa anachuchumaa, anapiga makofi ya taratibu. Anafundishwa kabla hajaota meno yote. Basi mimi nilisimama nyuma yake, nikapiga makofi ya salamu, taratibu kabisa. Anayesikia hawezi kujizuia, atachuchumaa na kujibu, hata kama hakuoni. Asiyesikia ataendelea kuchezea kidole chake. Mwampashi alipoona akasema jambo hili halimo kwenye kitabu chochote alichosoma, na akaagiza liwe linafanywa. Nililala vizuri wiki ile.

Halafu biashara ikafunguliwa. Zamani tungeweza kupima tangu asubuhi, barabarani likapita basi moja na lori la ushirika. Ghafla yakaja malori ya kwenda Zambia, moja likifuata mkia wa lingine, na wanunuzi wa kahawa wa watu binafsi na pikapu zao, na kila gari jipya lina honi ya kuonyesha kwamba ni jipya. Tukabandika magodoro kuukuu ukutani. Tukajifunza kupima kati ya lori na lori. Foleni ya mpakani ikiwa ndefu, madereva wanazima injini, nasi tunafanya kazi nyingi. Mpaka ulipofanya vibaya, sisi tulifanya vizuri.

Zikaja na mashine. Kwanza ya vifungo, ya kuvaa masikioni, mtoto akisikia mlio anabonyeza. Baadaye ikaja ya mwangwi. Hii unamwekea mtoto kijiba laini, kama kizibo kidogo, sikioni, kinatoa vimlio, na sikio zima lenyewe hurudisha mwangwi mdogo sana, mashine ikausikia. Mwangwi ukirudi, taa ya kijani: kapita. Usiporudi, nyekundu. Mtoto hafanyi lolote, hata akiwa amelala. Mwampashi, aliyekuwa amebakiza muda mfupi astaafu, aliitazama ile taa ya kijani kama mtu aliyeletewa mkwe ambaye hakumchagua. Akaniambia, "Mama Kopo, hii inauliza sikio tu. Haimuulizi mtoto." Nikamwitikia ndiyo. Sikuwa nimemwelewa.

Sasa nije kwa Anyesi, ambaye kwa ajili yake nimekubali kuandika.

Mama yake alimleta kutoka upande wa Ihanda akiwa na miaka kama minne. Alisema mtoto haongei sawasawa, na leo anasikia kesho hasikii. Nikasimama nyuma, nikapiga makofi. Anyesi akachuchumaa, akajibu, vizuri kuliko watoto wa wachungaji. Nikaandika kwenye daftari: anasikia. Mwaka uliofuata wakarudi. Mashine ya mwangwi ilikuwa imefika. Kijani kulia, kijani kushoto. Nikaandika: anasikia. Mama yake akaniuliza, "Sasa kama kapita, mbona nikimwambia lete ungo anasimama tu ananiangalia?" Nikamwambia watoto ndivyo walivyo. Mimi nina wanne.

Mara ya tatu alikuja na baba yake, Simwinga, mkulima wa kahawa, mtu mnyoofu asiyependa kurudia neno. Anyesi alikuwa ameanza shule. Mwalimu alikuwa amemwambia Simwinga kwamba binti yake ana dharau: akiitwa anageuka, akiambiwa jambo hafanyi. Simwinga alikuja na fimbo ya kutembelea, ingawa miguu yake ilikuwa mizima. Mwampashi alishastaafu, mtaalamu mpya hajaripoti, nikawa peke yangu. Nikapiga makofi, akajibu. Nikaweka kijiba, kijani, kijani.

"Anasikia?" Simwinga akauliza.

"Anasikia, baba Anyesi."

"Basi ni kiburi."

Hapo ningeweza kunyamaza. Kazi niliipata kwa kunyamaza. Nikamwambia, "Labda kiburi kidogo tu." Nikaandika kwenye daftari mara ya tatu, nikampa na karatasi yenye neno lile ampelekee mwalimu.

Baada ya mavuno ya kahawa mama yake akaja peke yake na mtoto. Mtaalamu mpya alikuwa ameshafika, Rehema, binti wa msafirishaji mmoja wa Tunduma, amesomea masikio mpaka nje ya nchi, anavaa hijabu yake safi na viatu vya kukimbilia. Siku hiyo alikuwa wodini, nikawapokea mimi. Mama Anyesi hakukaa. Alimgeuza mtoto, akanionyesha miguu nyuma. Ilikuwa na mistari, mipya juu ya ya zamani.

"Mama Kopo, sikuja kupima," akasema. "Nyumbani anapigwa na baba yake, shuleni anapigwa na mwalimu, na wote wana karatasi yako. Baba yake anasema mwezi ujao anamtoa shule, akachunge mbuzi, maana mbuzi hawamjali mwenye kiburi. Mimi nimekuja na swali moja. Nikimwambia kwa nyuma njoo uchukue karanga, haji. Ananipigia makofi. Nieleze, kiburi gani hicho kinachokataa karanga?"

Mfukoni nilikuwa na pipi, nilikuwa nazo siku zote kwa ajili ya wanaolia. Nikazunguka nyuma ya Anyesi, nikasema kwa sauti ya kawaida, "Anyesi, chukua pipi." Akachuchumaa, akapiga makofi. Nikasema, "Anyesi, mama yako anaondoka anakuacha." Akapiga makofi. Nikasema, "Nyumba inaungua." Makofi, ya taratibu, ya adabu. Barabarani lori likapiga honi, akachuchumaa, akalipigia na lenyewe.

Nilikaa kwenye kigoda cha watoto. Miaka yote nilikuwa napima kama sauti imefika. Makofi hayana neno ndani yake. Huyu mtoto alikuwa ameona kwamba kila sauti isiyoeleweka ikijibiwa kwa heshima, watu wengi wanaridhika. Mimi nilikuwa nimeridhika mara tatu.

Rehema aliporudi nikampa daftari kabla hajaomba. Akasoma.

"Nani aliandika anasikia?"

"Mimi."

"Mara zote tatu?"

"Mara zote tatu. Nimekosea, mwanangu, niandikie unavyotaka."

Akatikisa kichwa. "Hukukosea, mama. Anasikia. Shida ndipo ilipo."

Akamvalisha mashine ya vifungo. Asubuhi mistari kwenye karatasi ya kipimo ilionyesha anasikia milio karibu kama mtu wa kawaida. Mchana, kwa milio ile ile, mistari ikashuka kama ya mtu asiyesikia vizuri. Kisha Rehema akaziba mdomo kwa karatasi, akamtajia vitu vya nyumbani, ndoo, kuku, moto, kikombe, picha zake ziko mezani achague. Kwa masikio yanayosikia milio vile angepata karibu zote. Alipata ya kuku, na nadhani alikuwa anapenda kuku. Rehema akamgeukia mama yake, akamuuliza alizaliwaje. Mama akasema alizaliwa kabla ya siku zake, siku ya tatu akawa wa manjano mpaka machoni, akawa analala tu, hanyonyi. Jirani alishauri jua. Walimweka juani wiki nzima. Rehema aliandika hilo kwa herufi kubwa.

Kilichobaki ilikuwa mashine ya waya, nayo ilikuwa hospitali kubwa Mbeya mjini. Tulikwenda wanne, mimi, Rehema, mama na mtoto. Kipimo hicho mtoto lazima alale usingizi mzito, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kumzuia asilale ndani ya basi, ili alale akifika. Mimi nililala Mlowo. Anyesi ndiye aliyeniamsha mjini.

Walimbandika waya kwenye paji na nyuma ya masikio, akalala, mashine ikawa inampigia vimlio tik tik tik mamia kwa mamia. Kwa mtoto mwingine, alinieleza Rehema, kwenye kioo hutokea mawimbi, moja baada ya jingine, kila wimbi ni kituo ambacho sauti imepita kutoka sikioni kwenda kwenye ubongo. Kwa Anyesi pale mwanzo kabisa kulikuwa na vijikunyanzi. Rehema akageuza vimlio, kusukuma kukawa kuvuta, na vijikunyanzi vikageuka juu chini. "Hilo ni sikio lenyewe," akasema. "Liko kazini." Baada ya hapo hakuna kitu. Mstari ulilala kama mtoto. Akaongeza sauti mpaka mwisho. Hakuna wimbi.

"Sikio linapokea," akasema. "Mshipa wa kwenda kwenye ubongo haupeleki sawasawa, ule umanjano wa uchanga huweza kuuharibu. Unapeleka vipande vimechanganyika. Mama Kopo, redio ya jikoni pale hospitali ukiiweka katikati ya stesheni yetu na ya Zambia, unasikia nini?"

"Nasikia watu wanaongea."

"Wanasema nini?"

"Sijui."

"Ndiyo maisha ya Anyesi. Kukiwa kimya na akikuona mdomo, anashika kidogo. Darasani kwenye kelele, hashiki kitu."

Mama Anyesi hakulia. Aliuliza kama kuna dawa. Rehema akasema hakuna ya kumeza. Kifaa cha kukuza sauti tutajaribu, ila kukuza redio yenye stesheni mbili kunaleta kelele kubwa zaidi, asitegemee sana. Atahitaji ishara za mikono, kusoma mdomo, na mwalimu anayejua. Mama akasema, "Haya yote nitafanya. Nani atamwambia baba yake?"

Rehema alitaka kuandika barua. Simwinga alipokuja kuichukua, hakuishika. Alinitazama mimi.

"Karatasi ya kwanza nilipewa na nani?"

"Na mimi."

"Mwalimu ameibandika kwenye kabati lake. Mimi siwezi kwenda kumwambia mashine imebadili mawazo. Uliyeandika anasikia, njoo ukafute mwenyewe."

Nikaenda, nimebeba barua ya Rehema na redio ya jikoni. Njiani Simwinga akaongea. Akasema, "Nilimpiga nikidhani nasaidia." Nikasema, "Zile za baada ya karatasi ni zangu." Akatembea kidogo. Akasema, "Tugawane."

Mwalimu alikuwa kijana, si mtu mbaya, ana watoto wengi na chaki chache. Alinipokea kwa heshima. "Shikamoo mama."

"Marahaba." Nikampa barua, akaisoma mpaka mwisho.

"Nimesoma barua ya daktari. Ila mama, unisamehe, mimi niko naye kila siku. Nikimwita anageuka. Wewe mwenyewe uliandika. Asiyesikia anageukaje?"

Nikamwomba asimame mbele ya darasa lake, ageukie ubao. Nikaiweka redio begani kwake, karibu na sikio, nikaitafuta ile sehemu ya katikati, stesheni zikachanganyika, nikaongeza sauti. Watoto wakatulia wote, ambao nadhani hakuwahi kuwaona wametulia. Nikasimama nyuma, nikaziba mdomo kwa kitenge, nikamwagiza jambo. Mwalimu hakusogea. Nikaagiza tena.

"Nini?" akasema.

Nikaagiza mara ya tatu. Akageuka.

"Mwalimu, hukunisikia?"

"Nimekusikia mama. Sauti nimeisikia. Sijajua umesema nini."

Nikazima redio. "Nilisema leta chaki. Nimesema mara tatu na umesikia mara tatu. Baba Anyesi, nipe hiyo fimbo."

Simwinga akaniletea, na uso wake haukuonyesha kama ananitania. Mwalimu akatazama fimbo, akanitazama mimi, akaitazama mikono yake. Darasa likaanza kucheka, mmoja nyuma akasema mwalimu ana kiburi. Anyesi alikuwa dawati la mwisho, hakujua kinachochekesha. Aliona makelele yamezidi, akasimama, akachuchumaa, akapiga makofi.

Kicheko kikakatika. Mwalimu akafungua kabati, akabandua karatasi yangu, akanipa. Akamwendea Anyesi, akambebea dawati mpaka mbele kabisa, chini ya ubao, uso kwa uso na meza yake. Fimbo niliirudisha kwa Simwinga. Aliniambia niiache tu pale mlangoni, miguu haimsumbui.

Anyesi alikaa pale mbele mwaka mmoja, halafu akapata nafasi kwenye shule ya watoto viziwi, mbali na kwetu. Simwinga ndiye aliyempeleka. Kifaa cha kukuza sauti tulijaribu, akakivua akampa mdogo wake achezee. Rehema alibadilisha daftari letu. Pale palipokuwa na nafasi ya neno moja sasa pana mbili: anasikia sauti, na, anaelewa neno. Msizijaze kwa kalamu moja, vijana. Jazeni ya kwanza, mkanywe maji, mrudi. Na mama akiwaambia leo anasikia kesho hasikii, msimwambie watoto ndivyo walivyo, hata kama mna wanne.

Likizo ya kwanza walimleta kupimwa tena. Milio ile ile, mawimbi hayapo vile vile, hakuna kilichobadilika kwenye karatasi. Nikasimama nyuma yake kwa mazoea, nikakumbuka, nikazunguka mbele. Nikachuchumaa mimi, mpaka uso wangu ukawa usawa wa wake. Nikasema polepole, na mkono ukisema pamoja nami vile Rehema alivyonifundisha, "Anyesi, chukua pipi."

Hakupiga makofi. Alitazama mdomo, akatazama mkono, akachukua pipi. Kisha akanyoosha mkono tena.

Kwenye nafasi ya pili nikaandika: anaelewa. Pembeni nikaongeza: ana tamaa. Rehema alisema hilo halihusu kipimo, nikaliacha.